Kufuli la Kijani

Kazini kwetu kuna sheria moja ambayo hata meneja haigusi: anayeingia ndani ya mtambo anaingia na ufunguo wake. Unakwenda ukutani, unashusha swichi kubwa, unapachika kufuli lako kwenye tundu lake, unafunga, unatia ufunguo mfukoni, ndipo unaingia. Kila mtu ana kufuli lake lenye rangi yake. Mwenyewe asipotoka akalifungua kwa mkono wake, mtambo hauwaki, hata lori lilale mlangoni na ng'ombe wa dunia nzima walie njaa.

Tunatengeneza chakula cha mifugo. Mimi nashona magunia. Cherehani yangu iko mbele ya mdomo wa kujazia, na nikikaa pale hakuna linalonipita: mashine ya kusaga upande mmoja, mapipa ya molasi upande wa pili, na katikati lile pipa kubwa la kuchanganyia lenye mapanga tumboni. Chini ya pipa kuna shimo. Ndani ya shimo inapita parafujo ndefu ya chuma, nene kuliko paja langu, na paja langu si haba. Hiyo ndiyo inayosukuma chakula kutoka kwenye pipa kuja kwangu. Kila alasiri mtu mmoja hushuka shimoni na koleo kukwangua makombo yaliyoganda, maana yakiachwa yanaoza na kunuka. Aliyekuwa akishuka ni Mluzi, mwanamume aliyewahi kuwa mume wangu.

Jina la Mluzi alipewa na wafanyakazi, kwa sababu hakuweza kufanya kazi kimya. Akishuka shimoni ulimsikia akipiga mluzi mpaka anapanda, na sisi huku juu tulikuwa tukijua kwamba mtu yuko ndani na ni mzima.

Niliachana naye kwa sababu ya pombe. Nasema kwa ufupi kwa kuwa kwa urefu hatutamaliza. Lakini watu wakisikia hivyo wanadhani mgonjwa alikuwa mmoja nyumbani mle. Nilimficha viatu asitoke. Nililala na ufunguo wa mlango ndani ya foronya. Nilimnusa akiingia, nikamnusa akilala, nikanusa hata mswaki wake. Siku moja nilijikuta nimesimama mbele ya baa, mvua inanichapa, mkononi nimeshika soksi zake, na sijui nimefikaje wala soksi zile nilizibeba za nini. Siku hiyo ndiyo niliyoapa. Sitashika tena kitu chochote cha mtu yule. Hata kikombe chake cha chai, akiniomba nimshikie afunge kamba ya kiatu, ataweka chini.

Dada yake ndiye mwendesha mitambo wetu. Namwita wifi mpaka leo, maana talaka ilikuwa yangu na mdogo wake, si yangu na yeye. Ni mwanamke wa shoka, sauti yake inashinda mashine ya kusaga, na kasoro yake ni moja tu: mdogo wake huyo alimlea mgongoni na hajawahi kumtua. Mluzi alipotoka kwenye nyumba ya matibabu, mashavu yamejaa na macho yametulia, wifi alikwenda kwa meneja akapiga magoti. Meneja si mtu mbaya. Alimwambia, "Nampokea kwa dhamana yako. Akianguka, mnaanguka wote wawili."

Basi wifi akaanza kumshikia maisha. Simu ya Mluzi ikakaa kwake, ufunguo wa chumba chake ukakaa kwake, kitambulisho kikakaa kwake, akihitaji sabuni anakwenda dukani dada. Aproni ya wifi ilikuwa na mfuko mmoja mpana mbele, na vyote alivitia humo. Akitembea unamsikia anavyolia kwa vyuma. Fundi umeme alimtania kwamba amekuwa askari jela, naye akajibu kwamba ni afadhali jela kuliko kaburi.

Kilichonitia wasiwasi si wifi. Ni jinsi Mluzi alivyokuwa akikabidhi. Hakunung'unika hata kidogo. Alitoa kitu kimoja kimoja huku uso ukizidi kung'aa, na mimi niliyeishi naye niliujua uso ule.

Mabishano juu ya ulevi yalikuwa hayakosi wakati wa chai. Tulikaa juu ya magunia yaliyojaa, Mluzi akiwa miongoni mwetu, na hakukosa mtu wa kuyaanzisha. Mara nyingi alikuwa fundi umeme, kijana msomaji wa magazeti.

"Ule ni ugonjwa," alisema siku moja. "Ubongo unaharibika kama waya ulioungua. Sasa utaulaumu waya?"

"Waya haujichomi," nikamwambia. "Chupa haikuwahi kumfuata nyumbani. Yeye alivaa shati, akafunga vifungo vyote, akachana nywele, akaifuata. Umewahi kuona mgonjwa wa malaria akichana nywele kumfuata mbu?"

Watu wakacheka. Wifi hakucheka.

"Wewe ungekuwa na huruma kidogo tu," akasema, "usingesema hivyo. Mtu hana nguvu. Asiye na nguvu anabebwa mpaka azipate."

"Na akibebwa atazipata wapi, wifi?"

"Mnanijadili kama nimekufa," Mluzi akasema. Alikuwa anatabasamu.

"Basi sema wewe," nikamwambia. "Wewe ndiye unayejua."

Akakitazama kikombe chake. Nadhani hakukusudia kusema kweli, lakini kweli ikamtoka.

"Mwanzoni mkono unakwenda kwa sababu nimeutuma. Baadaye unakwenda wenyewe. Nauona unavyonyooka. Nauona unavyoshika. Mimi niko pembeni, nauangalia tu. Na ni mkono wangu."

Fundi umeme aliacha kutafuna.

"Na mara ya kwanza," nikauliza, "aliyeutuma ni nani?"

"Mimi."

"Basi."

"Basi," akasema, akamalizia chai yake.

Siku chache baadaye niliinua macho kutoka kwenye cherehani nikaona jambo lililonifanya niachie gunia. Mluzi alishusha swichi, akapachika kufuli lake la kijani, akafunga, halafu akanyoosha mkono akampa dada yake ufunguo. Wifi akautia kwenye aproni kama vile amepewa ganda la njugu. Mluzi akashuka shimoni akipiga mluzi.

Nilizunguka pipa mpaka ukutani. "Wifi, ule ni ufunguo wake."

"Ameniomba mwenyewe nimshikie."

"Ule si wa chumba. Ule ni wa roho yake."

"Nisikilize." Alishusha sauti, na wifi kushusha sauti ni jambo adimu. "Akiwa nao mfukoni anapanda atakapo, anafungua, anapita mlango wa nyuma, na mimi niko hapa na mashine sijui. Nikiwa nao mimi, lazima aje kwangu ndipo kazi iendelee. Akija namwona macho. Namnusa."

Nilitaka kumwambia mengi, lakini neno lile la kunusa lilinifunga mdomo. Nilirudi kwenye magunia yangu.

Mwanzoni Mluzi alipanda, akazunguka pipa, wifi akampa ufunguo, akafungua mwenyewe. Halafu wakaona ni kupoteza muda. Akawa anapanda, anazunguka, wifi anafungua. Halafu hata kuzunguka kukawa kazi. Kutoka pale ukutani huwezi kuuona mdomo wa shimo, pipa linaziba. Ikawa Mluzi anasema tu kwa sauti, "Dada, nimetoka," na wifi anafungua kufuli la kijani na kupandisha swichi. Hakuna siku waliyokaa wakaamua kuivunja sheria. Iliwatoka mikononi kidogo kidogo, na kila siku ilifanana na jana yake.

Na mluzi ukaanza kufupika. Zamani ulikuwa unaanzia ngazi ya kwanza hadi ya mwisho. Sasa ulianza, ukakatika, ukakaa kimya muda mrefu, kisha ukarudi umelegea.

Lazima niseme kitu kuhusu Mluzi na pombe. Wapo wanaokunywa wakawa wakali, wapo wanaoimba, wapo wanaolia na kukumbuka mama zao. Mluzi pombe ilimpa adabu. Akiwa mkavu alikuwa mtu wa kawaida, mwenye kisirani chake na utani wake. Akishavaa miwani alikuwa mpole kupita kiasi, anashukuru kila mtu kwa kila kitu, anashukuru mpaka mlango. Wakati wa ndoa yetu, nikisikia "asante sana, mwenzangu" kutoka ukumbini, nilikuwa najua usiku wangu umekwisha.

Alasiri moja alipita mbele ya cherehani yangu akitoka shimoni. Akasimama, akainamisha kichwa. "Asante sana, mwenzangu, kwa kazi njema unayofanya," akasema.

Sindano iliendelea kushona hewa, uzi ukajikunja, sikuona. Kwenye mkono wa shati lake kulikuwa na doa jeusi linalong'aa, la kunata. Molasi. Na kule shimoni molasi haifiki, inaishia juu ya pipa.

Nilimwambia wifi siku ileile, tukiwa tunanawa.

"Amerudia."

"Atarudiaje? Simu ninayo, kila kitu chake ninacho. Anaingia nami, anatoka nami. Atakunywa nini, makapi?"

"Sijui anakunywa nini. Najua anakunywa."

Alifunga bomba. "Wewe ulimwacha," akasema polepole. "Sikukulaumu. Lakini usinifundishe namna ya kumshika."

Neno hilo lilinichoma, nami nikaliacha linichome. Nilijitia hamnazo. Ningeweza kushuka shimoni siku ile na kuangalia, ngazi zenyewe ni chache. Sikushuka, kwa kuwa nilijijua. Ningeshuka mara moja kuangalia, kesho ningeshuka tena, na kabla ya mvua kuisha ningekuwa nimesimama mahali na soksi mkononi.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Lori la mteja mkubwa lilifika asubuhi tukiwa hatujajaza nusu ya mzigo. Dereva wake alikuwa mtu wa kupiga honi. Meneja alitoka ofisini mara kwa mara, anatazama saa, anarudi. Alasiri chakula kilianza kuja kwangu kwa mashaka, kinakuja, kinakwama, na wifi akasema hakuna njia, lazima shimo likwanguliwe sasa hivi, la sivyo parafujo itakatika.

Mluzi akashusha swichi, akafunga kufuli, akatoa ufunguo, mfuko wa aproni ukaupokea. Alivua viatu vya mpira akaviacha ukingoni mwa shimo, pamoja, vidole vikitazama nje, kama kawaida yake. Akashuka. Mluzi wake ulisikika kidogo, kisha ukakatika.

Kiwanda kikiwa kimya kinatisha. Umezoea kelele mpaka unadhani ni sehemu ya mwili wako, halafu zinaondoka na unasikia vitu vidogo. Nilisikia molasi ikidondoka. Nilisikia koleo likikwangua mara mbili tatu, halafu nikasikia likiwekwa chini taratibu. Kimya kikawa kirefu. Honi ikapigwa nje.

"Mluzi, maliza," wifi akaita kutoka ukutani. "Watu wanasubiri."

Honi ikapigwa tena.

Halafu sauti yake ikaja, wazi kabisa, ya mtu aliyetulia. "Dada, nimetoka. Asante sana kwa kunisubiri. Washa tu."

Nilikuwa nautazama mdomo wa shimo. Hakuna mtu aliyetoka. Viatu vilikuwa palepale, pamoja, vidole nje.

Nikamsikia wifi akichakura funguo kwenye aproni. Kilio kile cha vyuma. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikuja. Ilikuwa kama ndoto ile ambayo unaita na mdomo umejaa pamba. Nilikimbia. Niliruka magunia, nikagonga goti kwenye pipa la molasi, nikazunguka, na nilipofika kufuli la kijani lilikuwa limeshafunguka, linaning'inia kwenye tundu, na mkono wa wifi uko juu ya swichi. Nilimvamia kwa mwili mzima. Tulianguka chini wote wawili.

"Umepata wazimu?"

"Viatu," nikasema. Pumzi ilikuwa hainitoshi. "Viatu vyake vipo pale."

Alinitazama. Nikaona maana inavyomwingia. Aliinuka kwa kushika ukuta, akabana kufuli mpaka likalia, kisha tukazunguka pipa pamoja, yeye akiwa amenishika kiganja kama mtoto anayevushwa barabara.

Mluzi alikuwa amekaa chini shimoni, mgongo ameuegemeza kwenye parafujo. Aliuegemeza vizuri, kama mtu aliyeegemea mto. Katikati ya miguu yake kulikuwa na dumu la plastiki, na harufu ikatupanda usoni, tamu na chachu. Maji, molasi, na hamira. Pale chini pana joto la mtambo, na pombe ya namna ile inataka joto tu na mtu wa kuingoja.

"Karibuni," akasema. "Asanteni kwa kuja."

Wifi alipiga magoti ukingoni. "Umesema umetoka."

"Nimesema, dada."

"Ningewasha. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi. Ningekusaga kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ufunguo unao wewe," Mluzi akasema, bila chuki, kama anayemkumbusha mahali alipoweka kitu. "Simu unayo wewe. Nalala ukisema, naamka ukisema. Nikaona na hili uniamulie."

Nimewahi kumwona wifi akibeba gunia zima peke yake. Wakati ule alishindwa kuubeba mdomo wake mwenyewe. Ulifunguka na kubaki hivyo.

Hasira ndiyo iliyonishika mimi, na sioni aibu kusema. "Dumu hilo limechacha siku ngapi?" nikamuuliza.

Akalishika dumu kwa mikono miwili.

"Nakuuliza. Chupa ya baa unaweza kusema mkono ulikwenda wenyewe. Hii umeipika. Umeiba molasi, umechota hamira ya kuchanganyia chakula, ukaja kesho yake ukaichungulia, ukaifunika, ukaja tena. Huo ni mkono gani unaokwenda wenyewe siku zote hizo?"

"Kila siku nilishuka kuimwaga," akasema. "Nakuapia. Kila siku nilishuka kuimwaga, na kila siku nikaongeza molasi."

Na lililonitisha ni kwamba nilimwamini kwa yote mawili.

Wifi alipata sauti. "Panda. Panda sasa hivi. Twende nyumbani. Nitakufungia chumbani, nitakaa mlangoni mimi mwenyewe, nitaacha kazi, hutaona hata dirisha." Alikuwa analia na anaongea kwa pamoja, na mkono wake mmoja ulikuwa unaupapasa mfuko wa aproni, unahakikisha kwamba vyote vimo.

"Weka chini," nikamwambia.

"Nini?"

"Ufunguo wa kufuli lake. Uweke hapo ukingoni, kando ya viatu. Na simu. Na vyote."

"Atakufa."

"Amekaribia kufa hivi sasa, na vyote ulikuwa navyo wewe."

Wifi alinitazama kwa chuki ambayo sijaiona tena, na naomba nisiione. Lakini aliweka. Kimoja kimoja alivitoa, simu, kitambulisho, ufunguo wa chumba, na mwisho ule mdogo wenye nukta ya rangi ya kijani. Alivipanga kando ya viatu. Mfuko ukalala bapa tumboni mwake, na yeye mwenyewe akaonekana amepungua.

"Sikiliza," nikamwambia Mluzi. "Mimi sijui kama ni ugonjwa au ni wewe. Fundi atajua, magazeti yatajua. Ninachojua ni kwamba kufuli limefungwa na ufunguo ni huu hapa. Hakuna atakayewasha. Hilo dumu ukilimwaga, umelimwaga wewe. Ukilinywa, umelinywa wewe. Na ukikaa humo, utakaa mpaka uchoke."

Nikamshika wifi mkono nikampeleka hadi kwenye cherehani yangu. Nikamkalisha juu ya gunia. Nilijisikia vizuri, nisifiche. Nilijisikia kama mtu aliyesema neno aliloliweka kifuani tangu siku ya harusi.

Meneja alitoka ofisini. "Kuna nini? Mbona hatuwashi?"

"Kuna mtu ndani," nikasema.

Alilitazama kufuli la kijani ukutani. Alitazama saa. Akarudi ofisini, maana kwa sheria ya kwetu jibu hilo linatosha na halina swali la pili. Dereva wa lori aliacha honi, akaja kusimama mlangoni. Fundi umeme akaja. Wapakiaji wakaja. Hakuna aliyeambiwa kitu, na wote walikuwa wanalitazama shimo.

Mkono wa Mluzi ukatokea ukingoni. Ulipapasa viatu, ukapita simu, ukaupata ufunguo mdogo. Ukashuka nao.

Kisha tukasikia dumu likiinuliwa. Tukasikia maji. Yalitoka kwa mafungu, guluu, guluu, jinsi dumu linavyotoa maji likiinamishwa, na kama ni kwenda sakafuni au kwenda kooni, hakuna kati yetu aliyeweza kujua. Wifi alinibana kidole mpaka kikafa ganzi. "Anamwaga," akanong'ona. "Si anamwaga? Sema anamwaga." Sikusema. Guluu ile iliendelea muda mrefu, halafu ikaisha.

Alipanda ngazi peke yake, dumu tupu mkononi, mdomo wa dumu ukitazama chini. Halikudondosha hata tone. Suruali yake ilikuwa imelowa magotini, lakini kule shimoni hata mtu aliyepiga magoti tu angelowa. Alivaa viatu bila haraka. Simu aliiacha palepale. Hakwenda ukutani kwenye swichi kama sisi sote tulivyokuwa tukisubiri. Alimpita dada yake. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye cherehani yangu akasimama, na harufu ilikuwa kwenye nguo zake zote, kwa hiyo haikuniambia kitu.

Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Asante sana, mwenzangu," akasema kwa upole. "Umesema kweli tupu. Hakuna aliyewahi kuniambia vile." Akanyoosha kiganja. Ufunguo ulikuwa katikati, mdogo, una nukta ya kijani. "Nishikie tu. Leo tu. Kwako nitaogopa."

Watu wote walikuwa wananitazama. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tangu zamani, tayari, yamepangwa: weka chini. Maneno mawili tu, hata mtoto angeyasema.

Nikauona mkono wangu wa kulia ukiacha gunia. Nikauona unavyonyooka, una vumbi la makapi mpaka kwenye kiwiko, na kidole kile alichokibana wifi bado cheupe. Nikauona ukifika juu ya kiganja chake, na vidole vikianza kujikunja.

Nilikuwa nauangalia tu.